Mpe Mama Maji Kwanza

Ujumbe wa kwanza uliingia Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, na uliandikwa kwa adabu zote.

"Kaka Mfaume, asante kwa somo la leo. Samahani kuingilia mambo ya nyumbani kwako, ila kuna mama hapo nyuma anaomba maji. Mpe mama maji kwanza, sisi tutasubiri."

Aliyeandika aliitwa Atupele, muuza dawa wa Mlandizi ambaye Mfaume hakuwahi kuonana naye ana kwa ana. Walijuana kwenye kundi la wasapu la watu wanaojifunza gemu la kuwinda madude, gemu gumu kiasi kwamba wengi hulinunua, wakafa mara ishirini siku ya kwanza, wakaliacha. Mfaume alikuwa mwalimu wao. Kila Jumamosi alirekodi voisi moja ya dakika tano kwa ajili ya wageni.

Aliusoma ujumbe ule mara mbili. Nyumbani kwake, mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, alikuwa peke yake. Mkewe, Salama, alikuwa shuleni akisimamia darasa la mitihani. Mama pekee aliyewahi kulala katika nyumba ile alikuwa Bi Rukaya, mama yake mzazi, na Bi Rukaya alikuwa na siku ishirini na tatu kaburini kwao Vihingo.

Akaifungua voisi yake, akaisikiliza.

"Karibuni wawindaji wapya. Kosa la kwanza la mgeni ni pupa. Usikurupuke kulipiga dude. Lizunguke, litazame. Kila dude lina dalili kabla halijakuvamia. Hili hukwangua chini, lile huvuta pumzi. Jambo jingine, dawa usinywe mbele yake. Ukinyanyua kichupa tu limekumaliza. Kajifiche nyuma ya jiwe kwanza."

Hapo alikuwa ametulia kidogo ili avute pumzi. Na katika kile kimya kifupi, kwa mbali, ikasikika sauti nyembamba, kama ya mtu anayesema akiwa amelala chali.

"Mfau... maji."

Duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyemwita Mfau.

Akaifuta voisi ile kwa watu wote. Halafu akamwandikia Atupele, "Ni televisheni ya jirani, dada. Pole kwa usumbufu." Woga ulikuja baadaye. Kilichomjia kwanza ni aibu, ile ya mtu aliyefumaniwa.

Mfaume alikuwa karani wa masjala, mwenye miaka thelathini na sita. Kazini alishinda akibeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile, na hakuna aliyewahi kumwambia asante. Gemu lilikuwa siri yake. Mtu mzima mwenye mke hawezi kusimama mbele ya wenzake wa ofisini akasema anawinda madude. Lakini kwenye kundi watu walimwita Mwalimu. Mtu wa Njombe asiyemjua alimwandikia kwamba amelia kwa furaha alipoua dude lake la kwanza, kwa sababu ya voisi zake. Maneno kama hayo Mfaume aliyahifadhi, akawa anayasoma tena akiwa chooni.

Bi Rukaya aliletwa Kibaha baada ya kiharusi kumlaza upande mzima wa kulia. Kwa kuwa dada mkubwa, Tatu, alikuwa na wagonjwa wake wawili kule Vihingo, Mfaume aliomba likizo ili amuuguze mchana, Salama akirudi ampokee. Kazi haikuwa kubwa. Kumgeuza, kumlisha uji, na kumpa maji kila alipohitaji, kwa kuwa mkono wake mzima, wa kushoto, haukuweza kunyanyua jagi. Akitaka kitu aligonga kikombe cha bati kwenye chuma cha kitanda.

Siku ya tisa ya likizo, Bi Rukaya alifariki. Mfaume alimwambia mkewe hivi: "Alilala baada ya adhuhuri. Nilipokwenda kumtazama, nikakuta ameshaondoka. Hata shuka halikukunjika."

Watu waliipenda habari hiyo. Msibani, imamu alisimama akasema kila mzazi aombe apate mtoto wa kiume wa namna ile, mwenye kukaa na mama yake hadi pumzi ya mwisho. Tatu alimshika mkono mdogo wake mbele ya wanawake wote akasema, "Umenisitiri, Mfaume. Mimi mkubwa nilishindwa kuja." Mfaume aliinamisha kichwa, na watu wakadhani ni uchungu.

Jumapili ile, siku moja baada ya voisi, saa tisa alasiri, jua likiwa limeukamata uwanja, alisikia bati likigonga chuma. Ngo, ngo, ngo. Kitanda cha mama kilikuwa kimebaki na vyuma vitupu, godoro lilishagawiwa. Alipofungua mlango wa chumba kile alipokewa na harufu ya mtungi, ule ubichi wa udongo uliokaa na maji siku nyingi, na kwenye sakafu, chini ya dirisha, palikuwa na alama ya maji iliyolowa, upana wa kiganja. Akaipangusa. Alipogeuka na tambara mkononi, alama ilikuwa imerudi, na sasa ilikuwa na vidole.

Hakumwambia Salama. Angeanza wapi?

Jumanne Salama aliwahi kurudi. Alikuwa jikoni anachambua mchicha, Mfaume amesimama mlangoni, mara mikono ya Salama ikasimama kwenye ungo.

"Mfaume," alinong'ona. "Usigeuke."

"Nini?"

"Mama anakuita."

Kutoka chumbani sauti ikaja tena, taratibu, bila hasira: Mfau. Mfau, maji.

"Ni upepo," alisema Mfaume.

"Upepo unakujua jina?" Machozi yalikuwa yakimtoka Salama bila kulia. "Kwa nini anaomba maji? Mtu aliyekufa usingizini anaomba maji ya nini?"

"Sijui."

"Mume wangu, nitazame. Hujui?"

Akamtazama, akasema hajui, na pale pale bati likagonga mara tatu kwa nguvu hadi sufuria zikatikisika kwenye kichanja.

Jumamosi iliyofuata alifanya jambo la kipumbavu, kama wafanyavyo watu wanaotaka kujithibitishia kwamba maisha yanaendelea. Alivaa hedifoni, akashika padi ya kuchezea, akaingia kuwinda pamoja na wanafunzi watatu: Atupele, fundi umeme mmoja aitwaye Lusajo, na Melkiori, mwalimu wa sekondari. Alitaka kuwaelekeza moja kwa moja, sauti kwa sauti. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Aliwaambia wale chakula kwanza kabla ya kutoka kambini, wanoe silaha, wasisimame wote upande mmoja. Lusajo aliangushwa mara moja, akacheka. Melkiori alikuwa anauliza namna ya kuukwepa mkia, na Mfaume akafungua kinywa ili amjibu, na badala ya sauti yake mwenyewe akasikia ndani ya hedifoni, katikati kabisa ya masikio yake, pale ambapo mtu husikia mawazo yake, sauti ya Bi Rukaya ikisema polepole kama anayesoma maneno aliyoandikiwa: Nakuja, nakuja, dakika mbili, kisha ikaanza kuwaita wale wengine mmoja mmoja, Lusajo, Melkiori, Atupele, nipeni nyie basi, huyu hana nafasi, nipeni nyie maji, na kila ilipotaja jina pumzi ya mwenye jina ilisikika ikikatika, na harufu ya mtungi ikapanda kutoka sakafuni hadi magotini, kifuani, puani, mpaka Mfaume akahisi ameinamishwa uso ndani ya kisima.

Lusajo alikata mawasiliano. Melkiori akafuata, akisoma Baba Yetu kwa sauti ya juu.

Atupele peke yake hakukimbia, alimpigia simu. "Kaka," alinong'ona. "Umesema ni televisheni."

"Dada Atupele, toka. Zima."

"Nimeshazima, kaka. Nimezima kila kitu. Hii ni simu. Sakafu ya chumbani kwangu imelowa. Kuna alama ya mkono. Nina mtoto mchanga humu ndani, kaka Mfaume. Umetuletea nini?"

Jioni hiyo Mfaume alimwambia mkewe waende Kibuta kwa mganga.

Walitoka asubuhi kwa pikipiki, wakapitia Kiluvya, wakaiacha lami, wakafuata barabara ya vumbi iingiayo Kisarawe. Bi Mwanaidi, mganga waliyemwendea, walimkuta uani akimenya mihogo ya kuanika. Hakuwa mgeni kwao. Yeye na Bi Rukaya waliwekwa ndani pamoja walipovunja ungo, na tangu hapo wakaitana somo. Tatu naye alishafika kutoka Vihingo. Salama ndiye aliyempigia simu. Mfaume alipomwona dada yake ameketi kwenye mkeka na mtandio wa kilio, alitamani kugeuza pikipiki.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Kaeni." Bi Mwanaidi hakuacha kumenya. "Nieleze."

Mfaume akaeleza kuhusu sauti, alama ya mkono, na mtoto mchanga wa Mlandizi. Mganga alisikiliza mpaka mwisho, akafuta kisu kwenye khanga.

"Huyo si Rukaya," alisema. "Tatu, usilie. Mama yako amepumzika. Hili ni jini, limeokota sauti yake kama mtu anavyookota nguo iliyoangushwa njiani. Lakini sauti ya marehemu haiokotwi hivi hivi. Lazima iwe imeachwa pabaya." Akamgeukia Mfaume. "Iliachwa wapi, mwanangu?"

"Sielewi, mama mdogo."

"Haya."

Akaingia ndani, akatoka na sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani. Akaiosha kwa maji ya kisimani, yakawa ya manjano, akayamimina kwenye bakuli. Akafukiza ubani. Jua lilikuwa la saa sita, kali, hakuna kivuli, kuku wamejikunyata chini ya kichanja.

"Kombe hili. Kunywa."

Mfaume akanywa. Maji yalifika kooni yakasimama. Alijaribu kuyameza, yakakataa, yakarudi kwa nguvu na kumtokea puani, naye akakohoa mpaka akapiga magoti. Chini ya goti lake vumbi lilikuwa limelowa.

"Sema," alisema Bi Mwanaidi.

Akasema. Kwamba mama hakufa usingizini. Kwamba alikuwa sebuleni akicheza gemu. Salama akafumba macho. Kwamba mama aligonga kikombe, akaita, na yeye akainua hedifoni sikio moja akajibu nakuja, dakika mbili. Kwamba lile gemu ukicheza na wenzako halisimami, na alikuwa na wageni watatu waliomtegemea, na alisahau. Kwamba alipokwenda alimkuta mama ameanguka kutoka kitandani, mkono umelielekea jagi, maji yamemwagika sakafuni. Alimnyanyua, akamlaza, akanyoosha shuka, akapangusa sakafu.

Tatu alikuwa amejifunika mdomo na mtandio. "Ulisahau," alisema. "Mtu husahau. Mungu wangu, Mfaume, ungesema tu."

"Kunywa," alisema mganga.

Akanywa. Yakarudi tena, na safari hii yalirudi na sauti. Kinywa cha Mfaume kilikuwa wazi, midomo haikucheza, na kutoka ndani ya koo lake sauti ya mama yake ikasema, kwa upole, mbele ya binti yake na mkwewe: "Nakuja. Dakika mbili."

Salama akapiga ukelele. Tatu aliruka kutoka mkekani. Bi Mwanaidi tu ndiye aliyebaki ameketi, bakuli mkononi.

"Rukaya alikuwa somo yangu," alisema. "Hakuwa mtu wa kuomba kitu mara tatu. Akiona humpi, anajinyanyua mwenyewe. Kwa hiyo alijinyanyua. Na nyumba za Picha ya Ndege nimeziona, kuta zake nyembamba. Mwanangu, hujamaliza kusema."

Mfaume akatazama chini. Ile alama ya vumbi lililolowa ilikuwa ikikua, ikamzunguka, na kwa mara ya kwanza alielewa kwamba angeweza kunyamaza, kwamba angeweza kuinuka, kupanda pikipiki na kurudi nyumbani na heshima yake, na kila siku saa tisa alasiri lingegonga bati, kwake na kwa yule mama wa Mlandizi mwenye kichanga na kwa mwingine na mwingine ambaye angesikia sauti yake, hadi siku yake ya kufa, na kwamba sehemu fulani ndani yake, hata sasa, ilikuwa inapiga hesabu kama hilo lingevumilika kuliko kusema.

"Nilikisikia kishindo," alisema.

Tatu akaushusha mtandio.

"Sikusahau. Nilisikia ameanguka. Nilisikia jagi. Nilijua ni mama." Sauti ilikuwa yake sasa, kavu. "Dude lilikuwa limeanza kuchechemea. Ndivyo linavyofanya likikaribia kufa, linakimbilia pangoni kulala, na ukiliacha likalala linapona, kazi yote bure. Huwa nawafundisha wageni, likichechemea usiliache. Wale watatu walikuwa wanapiga kelele, Mwalimu, twende, twende. Nikaenda nao. Tuliliua. Nikasubiri mpaka tukachuna ngozi na pembe. Nikawaandikia hongereni. Ndipo nikavua hedifoni."

"Muda gani?" aliuliza Tatu.

"Dakika kumi na tano. Labda kumi na saba."

"Ulipofika alikuwaje?"

"Mkono wake ulikuwa bado wa moto."

Bi Mwanaidi alimpa bakuli. Mfaume akanywa, na maji yakashuka, ya baridi, mpaka tone la mwisho. Kuku wakatawanyika kwa mkupuo. Harufu ya mtungi ikapita katikati yao, nzito, kama mtu aliyetoka kuoga, ikavuka ua. Hapakuwa na upepo, lakini shambani majani ya mihogo yaliinama shina baada ya shina kwenda msituni, kisha yakatulia. Chini ya magoti ya Mfaume vumbi lilikuwa kavu.

"Limekwenda," alisema mganga. Hakuonekana kufurahi. Aliokota kisu chake, akarudi kwenye mihogo, na Mfaume alipotaka kumshukuru alimfanyia ishara ya mkono kwamba aondoke tu.

Tatu hakumpiga. Hakumtukana. Alikunja mkeka aliokuwa amekalia, akamwinamia Bi Mwanaidi kumuaga, akatembea kwenda barabarani kutafuta bodaboda. Salama alirudi Kibaha na mumewe kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, lakini safari nzima alishika chuma cha nyuma cha pikipiki, hakumshika yeye kiunoni.

Jioni Atupele aliandika kwamba sakafu imekauka. Mfaume akamrekodia voisi, akamweleza yote kama alivyoeleza Kibuta, kwa sababu aliona ana haki ya kujua ni nini kililala chumba kimoja na mtoto wake. Atupele aliisikiliza. Akajibu, "Pole, kaka." Baada ya dakika chache alijitoa kwenye kundi. Mfaume naye akajitoa, akaliuza gemu pamoja na padi zote.

Tatu alikaa miezi saba bila kumsemesha. Hata kwenye arobaini alimpelekea sahani ya pilau kwa mkono wa jirani. Halafu msimu wa korosho ukafika, akapiga simu, akasema shamba la mama linahitaji mikono. Mfaume alikwenda Vihingo peke yake. Waliokota korosho kutwa nzima, maneno machache, sogea hapo, nipe gunia. Alasiri walikaa nyuma ya nyumba kubangua, na Tatu, bila kutegemewa, akacheka peke yake.

"Nini, dada?"

"Nimemkumbuka mama. Alivyokuwa akiwagombeza kuku."

Mfaume akajaribu kumkumbuka naye. Uso ulikuja. Khanga ilikuja, na mwendo wake, na ule mkono. Akatafuta sauti, hakuikuta. Akatafuta zaidi, jinsi mtu anavyopapasa mfukoni huku ameshaanza kupata baridi, na akagundua kwamba tangu siku ile ya Kibuta hakuwahi kuisikia tena, hata ndotoni.

"Hebu mwigize," alisema, akijitahidi sauti isitetemeke. "Wewe ulikuwa unaweza kumwiga."

Tatu alimtazama. Kulikuwa na kitu kinalegea usoni pake, cha kwanza baada ya miezi saba. Akaweka chini korosho aliyoishika, akajiweka sawa, akashika kiuno kama mama, akafungua kinywa.

Mfaume aliona midomo ikicheza. Aliona shingo ya dada yake ikivimba kwa kelele, aliona kuku wa kweli wakishtuka na kukimbia. Hakusikia kitu. Alisikia ganda la korosho likivunjika chini ya kiatu chake, na kwa mbali mtu akichanja kuni, na pale ambapo sauti ilipaswa kuwa palikuwa patupu kabisa.

Tatu akamaliza, akacheka, machozi yanamtoka. "Ee? Nimempatia?"

Alikuwa anamngojea amjibu, uso wazi, mkono umeshamfikia begani.

"Umempatia," alisema Mfaume. "Kama yeye kabisa."